Nia Hutangulia Fomu: Waraka wa Maombi ya Masomo ya Juu Uanze Lini?



Kila ufikapo msimu wa maombi ya masomo ya juu, vijana wetu wa Makadara, Mji wa Kale na mitaa jirani hutujia na suali moja: ule waraka wa kueleza kwa nini mtu ataka kusoma shahada ya uzamili au ya uzamivu, uanze kuandikwa lini? Mara nyingi suali huja zikiwa zimesalia siku nne au tano fomu kufungwa. Jawabu letu ni hili: kalamu ianze kazi miezi sita kabla ya siku ya mwisho, na fikira zianze kukusanywa mwaka mzima kabla yake.

Waraka huu ni nini?

Ni maandishi mafupi, kwa kawaida ukurasa mmoja au miwili, yenye kujibu mambo manne: umefanya nini hadi sasa, wataka kusoma nini, kwa nini katika chuo hicho na si chengine, na utaifanyia nini elimu hiyo baadaye. Waturuki huuita *niyet mektubu*, yaani barua ya nia, na neno lao hilo ni lile lile letu lililotoka katika Kiarabu. Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba Imamu Bukhari aliifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia. Nasi Mashafii tunafunzwa tangu utotoni kuwa nia ya funga ya Ramadhani huwekwa usiku, kabla ya alfajiri. Anayeikumbuka mchana amekwisha chelewa. Waraka huu nao ndivyo ulivyo. Fomu ni mchana, na nia yatakiwa iwe imelala nawe usiku.

Tuitazame kalenda

Ufadhili wa serikali ya Uturuki kwa miaka ya karibuni umekuwa ukifunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mapema Novemba, na anayefaulu husafiri Septemba au Oktoba ya mwaka unaofuata. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi ya uzamivu hadi Disemba au Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Kwa hivyo anayetaka kuwa darasani baada ya mwaka mmoja, huu ndio wakati wake.

Hesabu na irudi nyuma. Anayeilenga Uturuki aanze kuandika Agosti. Anayeilenga Chevening aanze Aprili, naye ajue kwamba atatakiwa awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, jambo lisilopatikana kwa wiki moja. Tena Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi. Mwenye kungojea siku za mwisho za fomu ya Uturuki huenda akajikuta anaandika huku nyumba nzima ikijitayarisha kwa mwezi mtukufu.

Miezi sita ya nini?

Huenda msomaji akauliza: kurasa mbili zahitaji miezi sita? Kuziandika hakuhitaji. Kinachohitaji muda ni mambo yanayozishikilia.

La kwanza ni waalimu. Maombi mengi hutaka barua za watu wawili au watatu wanaokujua kimasomo au kikazi. Mwalimu aliyekufundisha miaka mitatu iliyopita, akipigiwa simu leo atume barua kesho, ataandika maneno yanayomfaa mwanafunzi yeyote. Lakini ukimpelekea rasimu ya waraka wako miezi mitatu kabla, atajua unakokwenda, na ushahidi wake utaafikiana na maelezo yako.

La pili ni vyeti. Hapa kwetu jina moja huandikwa kwa namna tatu: Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Mohammed katika kitambulisho, na Muhammad katika cheti cha shule. Kuyasawazisha ni kazi ya kwenda ofisi na kurudi, na pasipoti nayo ina foleni yake.

La tatu, na pengine ndilo zito zaidi, ni jamaa. Waraka unaosema "nitakwenda miaka miwili" wahusu nyumba nzima. Kuna mama wa kutunzwa, kuna mdogo wa kulipiwa karo, kuna posa iliyokwisha kuletwa. Mabanati wetu ndio huumia zaidi: binti hukubaliwa na chuo, kisha baba anasikia habari kwa mara ya kwanza siku barua inapofika, naye akakataa kwa sababu ya kushtukizwa tu. Lau angeshauriwa mwaka mmoja kabla, angepata nafasi ya kuuliza binti atakaa wapi, na nani, na atarudi lini. Atakayelijibu baba yake kwa utulivu suali la "kwa nini huko na si hapa?" amekwisha andika nusu ya waraka wake.

Maneno matupu na maneno yenye uzito

Tuchukue mfano wa kijana anayefanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, naye ataka kusoma mambo ya uchukuzi. Akiandika usiku mmoja, ataandika kwamba tangu utotoni ameipenda biashara na ataka kuiendeleza nchi yake. Hakuna uongo hapo, lakini kila mwombaji husema hivyo. Lakini akiwa ameshika daftari mwaka mzima, ataandika kwamba tangu reli mpya ianze kubeba makasha mwaka 2018 na mizigo mingi kupelekwa moja kwa moja Nairobi, ameona kazi gani zilizopungua Mombasa, na suali gani limemkaa moyoni asilopata jawabu lake. Suali hilo ndilo roho ya waraka, nalo haliji kwa amri ya saa ya mwisho.

Kwa sababu hiyo hatuwashauri vijana waitegemee programu ya kompyuta iwaandikie. Itatoa sentensi nzuri, lakini haijasimama Kilindini.

Mfano wa nyumbani

Profesa Ali Mazrui alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1933. Matokeo yake ya mtihani wa mwaka 1949 hayakumwezesha kuingia Makerere, akaajiriwa karani katika taasisi ya MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Akiwa huko alitoa hotuba katika sherehe ya mazazi ya Mtume, na gavana wa Kenya wakati huo, Sir Philip Mitchell, alikuwapo akisikiliza. Kutokana na hotuba ile alifunguliwa njia ya ufadhili wa kusoma Uingereza. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka 1961, na uzamivu Oxford mwaka 1966. Na Makerere iliyomkosa kama mwanafunzi ikaja kumpata kama profesa.

Watu husema ilikuwa bahati. Sisi twasema bahati ilimkuta kijana aliyekwisha kujua la kusema.

Tusiharakie pia

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na wakasema pia haraka haraka haina baraka. Kuanza mapema si kumaliza mapema. Rasimu ya kwanza na iwe mbaya, kisha ilazwe wiki mbili. Chuo kisomwe vizuri: nani anafundisha, na wanachunguza nini. Waraka uliokamilishwa kabla ya kukijua chuo huwa ni nguo iliyoshonwa bila kipimo. Kisha wapewe watu wawili wausome, mmoja wa fani hiyo na mmoja asiyeijua. Akikwama yule wa pili, neno lina kasoro.

Wazazi, waulizeni vijana wenu mapema wanataka nini, na muwasikilize hadi mwisho. Nanyi vijana, chukueni daftari usiku wa leo mwandike mstari mmoja wa lile mnalotaka kulijua. Msingojee fomu.

Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.