Besi mbili za zamani Malvern: ipi iuzwe, nyuzi zipi zifungwe?

Ami yangu anakaa Malvern, mashariki ya Toronto. Ana magita mawili ya besi, yote Fender ya miaka ya 1960: Precision na Jazz. Kijana wake kaingia chuo, ada imebana, kwa hiyo moja lazima iende.

Precision, iliyoanza kutoka 1951, ina kinasa sauti kimoja. Mlio wake mzito, unakaa kifuani. Jazz ya 1960 ina viwili, shingo yake juu ni nyembamba zaidi, vidole vinapita haraka na mlio ni mkali kidogo. Wengi wataichukua hiyo. Mimi sina hakika nao.

Ami zamani akipiga taarabu harusini, na anachotaka ni ule mlio wa besi kubwa ya kusimama, kama wa Ikhwani Safaa ya Zanzibar. Hapo nyuzi bapa ndizo zenyewe: zimezungushiwa utepe laini, hazikwaruzi, hudumu miaka. James Jamerson wa Motown alifunga hizo kwenye Precision yake ya 1962, wala hakuwa na haja ya kuzibadili. Nyuzi za duara hung'ara, lakini hula ubao.

Ila angalia: bapa nyingi huvuta kwa nguvu, na hita za baridi ya Kanada hukausha mbao. Shingo ikipinda, fundi akaze chuma cha ndani kidogo kidogo.

Jazz imeshapigwa picha. Precision inabaki, na kijana kaambiwa aanze kujifunza.