Moshi: Kwa nini simu peke yake haikufikishi kwa daktari bingwa

Mama katoka Marangu alfajiri, kapanda daladala hadi Moshi mjini, nauli imeenda. Dirishani anaambiwa kliniki anayoitaka ilikuwa jana. Si kwamba hakupiga simu. Alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Ilipopokelewa akaambiwa "njoo tu".

Tatizo si mtandao peke yake. Matibabu Tanzania huenda kwa rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda. Mawenzi ni ya mkoa. KCMC, iliyofunguliwa 1971, ni ya kanda, na wagonjwa wake wanatoka hadi Arusha, Manyara na Tanga. Kwa hiyo kinachokufungulia mlango kwa bingwa ni barua ya rufaa, si namba ya simu. Mwenye bima akiisahau nyumbani anaweza kujikuta analipa kutoka mfukoni.

Halafu mabingwa hawakai kliniki kila siku. Leo yuko wodini, kesho chumba cha upasuaji. Ukiuliza "daktari yupo?" utajibiwa yupo, na ni kweli yupo, ila hatakuona. Uliza hivi: kliniki ya mifupa ni siku gani, na mwisho wa kuandikisha ni saa ngapi? Swali hilo hata mpokea simu mwenye haraka analijibu.

Na kama ulishaonwa, tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi yako. Ikikupita, mtume ndugu aliyeko mjini apite na kadi dirishani kabla hujapanda gari.