Twiti ilipata msamaha, je injini ya mvuvi?

Hebu niambie, wewe ulicheka ama hukucheka? Nazungumzia ile wiki ya kwanza ya Oktoba 2022. Mimi nilicheka hadi ngege ikanipalia. Nilikuwa Dunga, hapa Kisumu, ugali mbele yangu na simu mkononi. Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni na kamanda wa jeshi la nchi kavu la Uganda wakati huo, alikuwa ametwiti kwamba yeye na jeshi lake hawangehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Wasee mtandaoni walikuwa wanamuuliza kama amejipanga na msongamano wa Thika Road.

Twiti hiyo ilitoka Oktoba 3. Asubuhi iliyofuata, mbali kabisa na sisi, Korea Kaskazini ilirusha kombora likapita juu ya Japani na kuangukia Bahari ya Pasifiki, safari ya karibu kilomita 4,600. Watu wa Hokkaido na Aomori waliambiwa wajikinge, treni zikasimama kwa muda. Waziri Mkuu Fumio Kishida alijitokeza kulaani, na Japani ikapeleka malalamiko rasmi kupitia ubalozi wake Beijing, maana haina ubalozi Pyongyang.

Sisi tulifanya nini? Nairobi haikupandisha sauti. Museveni mwenyewe ndiye aliyewaomba Wakenya msamaha, Oktoba 5. Kijana alikuwa ameshaondolewa kwenye ukamanda na, usicheke tena, akapandishwa cheo kuwa Jenerali kamili. Oktoba 9 Rais Ruto, hata mwezi hajamaliza ofisini, alikuwa Kampala kwenye sherehe za miaka 60 ya uhuru wa Uganda. Jibu letu la kidiplomasia lilikuwa hilo: kwenda sherehe.

Na mimi naona lilikuwa jibu zuri. Twiti si kombora. Halafu Uganda ni mteja wetu mkubwa, na hilo hapa Kisumu huhitaji kusoma uchumi chuoni kulijua (mimi niliacha chuo na bado naliona). Mafuta yanakuja kwa bomba hadi mjini, na pale ziwani kuna gati la kuyapakia melini yavuke kwenda kwa jirani. Ukimtukana mteja, unamuuzia nani?

Lakini usidhani Kenya haijui kukunja ngumi. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi na kati ya Kenya, hadi kilomita 32 tu kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda zamani. Serikali ya Mzee Kenyatta ilijibu kwamba hata inchi moja haitoki, ikapeleka wanajeshi na magari ya deraya mpakani. Amin akarudi nyuma.

Sasa twende majini, kwa sababu hapa ndipo kucheka kwangu kulikoma.

Kuna kisiwa kinaitwa Migingo. Ukitoka upande wetu unapandia boti Muhuru Bay, kule Migori. Ni mwamba tu, kama nusu ekari, umejaa nyumba za mabati zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Ila pembeni yake kuna mbuta, na mbuta ni pesa. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walifika, wakapiga hema na kupandisha bendera, wakisema wanazuia maharamia. Tangu hapo wavuvi wetu wamelia miaka nenda miaka rudi: kutozwa ada, kukamatwa, kunyang'anywa nyavu na samaki.

Mpaka wenyewe ulichorwa na Mwingereza mwaka 1926, na kwa mstari huo Migingo iko Kenya, kama mita 500 ndani. Mei 2009 Museveni mwenyewe alikubali kwamba mwamba ni wa Kenya, ila akasema maji ni ya Uganda. Fikiria hiyo. Mvuvi anaruhusiwa kusimama juu ya jiwe, samaki aulize pasipoti! Mwaka huo vijana wa Kibera waling'oa reli kwa hasira, serikali mbili zikatuma wapimaji ardhi, vikao vikakaliwa. Mikutano ilikuwa mingi, na bado mvuvi aliulizwa kibali.

Hapo ndipo siikubali ile sauti ya chini ya Nairobi. Kwa maneno ya simu, nyamaza, sawa. Lakini bunduki juu ya mwamba haipiti kama twiti.

Siku ile Dunga nilimwonyesha simu jaduong' mmoja aliyekaa karibu nami, ili naye acheke. Alisoma polepole, akasoma na msamaha wa Museveni, akanirudishia. Kumbe aliwahi kuvua kule Migingo, na injini yake ya boti ilichukuliwa majini na watu wenye bunduki. Hakupewa risiti wala hakujua amshtaki nani. Aliniuliza kama huo msamaha unahesabu pia injini, ama ni wa Nairobi peke yake.

Sikuwa na jibu, nikamwagizia chai. Baadaye aliteremka ufukweni, akasukuma mtumbwi wake na kuanza kupiga kasia.