Glovu ya Thanos ni ya Mkono Gani?

Katika filamu ya Thor ya mwaka 2011, kamera inapita kwenye ghala la hazina la Odin, baba yake Thor. Ukikodoa macho utaiona glovu ya dhahabu yenye vito vyote, na ni ya mkono wa kulia. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Avengers: Age of Ultron, Thanos mwenyewe, adui mkuu wa filamu hizi za Marvel, anaivaa glovu yake, nayo ni ya mkono wa kushoto. Mashabiki walibishana kweli kweli. Ziko mbili? Imeibwa? Wamesahau? Halafu mwaka 2017 ikaja Thor: Ragnarok. Hela, dada yake Thor, anapita kwenye ghala lile lile, anaitupia jicho glovu, anasema ni feki, anaiangusha na kuendelea na safari yake.

Mimi kazi yangu ni kuunganisha picha mezani, na mfano huu naupenda kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu ambayo watazamaji huyachanganya: kosa, kiraka na siri. Kosa ni jambo lililowaponyoka watengenezaji. Kiraka ni maelezo yaliyobuniwa baadaye kulifunika. Siri ni kitu kilichowekwa makusudi ili mwenye jicho akione. Kwenye vibanda vya video vya hapa kwetu Kwamndolwa, na hata ndani ya mabasi yanayopita Korogwe na televisheni zao, yote matatu hupewa hukumu moja: "Hapa wamechemka." Mara nyingi hawajachemka.

Tuanze na kosa lenyewe. Filamu haipigwi kwa mfuatano unaouona. Tukio la mwisho linaweza kupigwa siku ya kwanza kwa sababu eneo limekodishwa siku hiyo tu. Tukio la dakika mbili linarudiwa mara nyingi: kamera ikiwa mbali, kisha kwenye uso wa huyu, kisha wa yule. Chukua Spider-Man ya mwaka 2002. Mary Jane amezingirwa na wahuni uchochoroni, mvua inanyesha, na Spider-Man anawarusha wawili wao kwenye madirisha yaliyo nyuma ya yule binti. Vioo vinapasuka. Kamera inahamia kwa wahuni waliobaki, inarudi kwa Mary Jane, na madirisha ni mazima kabisa. Si miujiza. Kipande cha pili kilipigwa vioo vikiwa bado vizima, na mhariri alipochagua, akachagua kile.

Kwenye seti kubwa kuna mtu anayelipwa kwa kazi ya kulinda mwendelezo tu. Huandika glasi ilikuwa mkono gani, juisi ilibaki kiasi gani, kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi, jasho lilifika wapi, na hupiga picha kila kitu kabla ya mapumziko. Kwenye filamu zetu za bajeti ndogo kazi hiyo huangukia kwa yeyote mwenye simu yenye chaji. Ndiyo maana dada anaingia chumbani na kilemba cha kijani na kutokea sebuleni na cha njano. Usimlaumu mwigizaji.

Sasa kuna jambo linalowashangaza watu nikilisema: mara nyingine mhariri analiona kosa na analiacha kwa hiari yake. Walter Murch, mhariri Mmarekani aliyefanya kazi kwenye Apocalypse Now, ameandika kitabu kuhusu ukataji wa picha na humo ametoa mizani yake. Hisia ameipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, jicho la mtazamaji linaangalia wapi 7, mpangilio wa pande za skrini 5. Kitu kukaa mahali pake sawasawa ndani ya chumba, yaani hilo tunalolipigia kelele, amekipa asilimia 4. Kwa hiyo kama mwigizaji amelia machozi ya kweli kwenye kipande ambacho glasi imehama upande, kipande hicho ndicho kitakachotumika. Nami ningefanya hivyo hivyo bila kusita.

Anaweza kufanya hivyo kwa sababu anajua macho yako yako wapi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Daniel Levin, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1998. Mtu mgeni anamsimamisha mpita njia kumuuliza njia. Wakiwa katikati ya maongezi, watu waliobeba mlango wanapita kati yao, na nyuma ya mlango ule muulizaji anabadilishwa na mtu mwingine kabisa. Karibu nusu ya waliojaribiwa waliendelea kuelekeza njia bila kujua kuwa wanaongea na mtu tofauti. Hapo ni ana kwa ana, mchana kweupe. Sembuse kwenye filamu, ambako sauti, muziki na mwendo vyote vinakuvuta kwenye uso wa staringi.

Mwindaji wa makosa kwa hiyo ajizuie kuangalia nyuso. Aangalie mikono, vyombo mezani, saa ya ukutani, kidonda kilikuwa shavu gani. Atazame kipande kile kile mara ya pili bila sauti. Vitu vitaanza kujitokeza vyenyewe.

Makosa mengine hayatokani na usahaulifu hata kidogo. Kwenye Justice League ya mwaka 2017, mdomo wa juu wa Superman una jambo lisiloeleweka, kama umevimba. Henry Cavill aliitwa kurudia matukio wakati ameshaanza kazi ya Mission: Impossible – Fallout, ambako alitakiwa awe na masharubu, na studio ya huko ilimkataza kuyanyoa. Ikabidi masharubu yafutwe kwa kompyuta, shoti kwa shoti. Hapo unatazama mkataba wa mwigizaji, umekaa juu ya mdomo wake.

Halafu kuna hesabu za miaka, uwanja ninaouona mtamu kuliko glasi na vifungo. Spider-Man: Homecoming (2017) inaanza na watu wakizoa vifusi baada ya vita vya New York tulivyoviona kwenye The Avengers mwaka 2012. Kisha maandishi yanatokea: miaka minane baadaye. Jumlisha. Unapata 2020, ilhali hadithi yenyewe inatokea miezi michache tu baada ya Captain America: Civil War, ambayo ni ya 2016. Wala huhitaji kalamu, maana kwenye Infinity War ya 2018 Tony Stark anasema Thanos amekuwa kichwani mwake kwa miaka sita tangu vita vile, na sita ndiyo hesabu sahihi. Hili ni kosa la wazi, na mmoja wa waongozaji wa Infinity War amekiri hadharani kuwa ile miaka minane si kweli.

Kabla ya kumtangazia mtu kosa, kagua nakala unayoitazama. Huku kwetu filamu nyingi zinatufikia kwenye flashi kutoka kwa kijana anayejaza muvi, na nyingi zimetafsiriwa. Utamaduni huo wa msimulizi kuzungumza juu ya picha una mabingwa wake: Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda. Nawaheshimu. Ila msimulizi huongeza utani wake, hubadilisha majina, na sauti yake hufunika mazungumzo ambamo maelezo ya mwendelezo yamo. Nakala nyingine zimekatwa kingo ili zijaze skrini, na kitu kilichokuwa pembeni kimekwenda na kingo hizo. Isitoshe, studio zenyewe hutoa nakala tofauti. Kwenye Captain America: The Winter Soldier (2014), Steve Rogers, yaani Captain America mwenyewe, ana kijitabu alichoandikia mambo yaliyompita alipokuwa barafuni. Mwanzo wa orodha ile ulibadilishwa kulingana na nchi: Waingereza waliona fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, Wakorea wakamwona mchezaji wao Park Ji-sung. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya kijitabu kile, na wote wakawa wakweli.

Filamu hiyo hiyo ina siri ninayoipenda mno. Kaburi la mkuu wa kijasusi Nick Fury lina maandishi kuhusu njia ya mtu mwenye haki, na chini yake imetajwa Ezekieli 25:17. Fungua Biblia yako, maneno hayo hayamo kwenye mstari huo. Yanatoka kwenye Pulp Fiction ya mwaka 1994, ambako mwigizaji huyu huyu, Samuel L. Jackson, huyatamka kabla ya kuua. Asiyeijua Pulp Fiction hapotezi chochote kwenye hadithi, anayeijua anacheka peke yake.

Kwa siri za Marekani tutategemea Wamarekani. Lakini kwenye Black Panther ya mwaka 2018, mtazamaji wa Kwamndolwa ana jicho ambalo mtu wa Chicago hana. Mbunifu wa mavazi Ruth Carter, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, alichukua mavazi ya bara zima. Wekundu wa wale walinzi wa kike, Dora Milaje, umetoka kwa Wamasai. Mtu wa Korogwe au Handeni aliyewaona Wamasai mnadani hahitaji kuelezwa. Pete za shingoni ni za Wandebele, mablanketi ya kabila la mpakani ni ya Wabasotho, kofia ya Malkia Ramonda ni ya wanawake wa Kizulu, ingawa ilitengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya pande tatu. Mzee aliyevaa suti na kuweka kisahani mdomoni anakukumbusha watu wa bonde la Omo kule Ethiopia.

Simamisha picha kwenye kasino ya Busan. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, amevaa nyeusi, mlinzi wake Okoye nyekundu, jasusi wake Nakia kijani. Wakisimama pamoja, hizo ni rangi za bendera ya Waafrika iliyoasisiwa na harakati za Marcus Garvey mwaka 1920, na Mkenya ataziona pia kwenye bendera yake. Tukio linapita kwa kasi, na hakuna anayezitaja rangi hizo. Zimevaliwa tu. Ukimaliza hapo mtafute Stan Lee, yumo humo humo kasinoni akijizolea chipsi za kamari ambazo si zake.

Na Wakanda yenyewe iko wapi? Kwenye vitabu vya katuni, ambako ilizaliwa mwaka 1966, mara imewekwa karibu na Ziwa Turkana, mara kando ya Ziwa Victoria. Vyovyote iwavyo ni kwetu, Afrika Mashariki. Lakini watu wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Nimewasikia wengi wakiliita hili kosa la jiografia. Kilichotokea ni kwamba mwigizaji John Kani, aliyemwigiza Mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, kwenye Civil War, ni Mxhosa, na alipendekeza baba na mwana waongee lugha yake. Waongozaji wakapenda, na filamu zilizofuata zikalazimika kuendelea nayo. Mimi naona walipoteza nafasi ya kuweka lugha ya ukanda huu, lakini siwezi kuliita kosa. Ni uamuzi uliofanywa kwenye tukio dogo ukageuka sheria ya nchi nzima.

Kwenye Civil War hiyo hiyo kuna mlinzi wa T'Challa anayemwambia Black Widow apishe au apishwe. Jina lake halitajwi. Mwigizaji ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Mashabiki walimpenda, na miaka miwili baadaye akarudi kwenye Black Panther akiwa na jina, Ayo. Hiki nacho ni kiraka, kimeshonwa vizuri tu.

Nimalizie na wenye vibanda, maana wao ndio wanaotunyima siri nyingi kuliko mtafsiri yeyote. Majina yakianza kupanda, wanazima ili waweke filamu nyingine. Tangu Iron Man ya 2008, Marvel huficha matukio humo humo kwenye majina. Black Panther ina mawili. Wakanda Forever ya 2022, iliyotengenezwa baada ya Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, kufariki Agosti 2020, ina moja: Shuri, mdogo wake T'Challa, yuko Haiti, na Nakia, yaani Lupita Nyong'o wetu, anamtambulisha kwa mtoto wa kiume. Waliozimiwa televisheni mapema hadi leo wanaamini T'Challa hakuacha mrithi. Amemwacha, na jina lake ni T'Challa. Mwenye kibanda, tuachie hizo dakika chache, tumeshalipa kiingilio.