Steringi Yuleyule, Bei Mbalimbali

Tiketi ya sinema Marekani siku hizi huzunguka dola 11, na katika miji mikubwa huzidi hapo. Toleo moja la katuni ya Marvel au DC ni dola 4 hadi 5. Kwa haraka utasema katuni ndiyo nafuu. Subiri kwanza.

Toleo hilo ni kijitabu cha kurasa 20 hivi za hadithi. Robo saa umelimaliza, tena limekatikia pale pale patamu. Spider-Man alipojitokeza mara ya kwanza mwaka 1962, toleo lake liliuzwa senti 12. Hata ukizipandisha kwa mfumuko wa bei, leo hazifiki dola moja na nusu. Hadithi ya matoleo sita itakula dola 24 hadi 30 pamoja na nusu mwaka wa kungoja, halafu baadaye inatoka yote katika kitabu kimoja kwa dola 20 au pungufu. Sijagusa ujanja wa kuanza tena na “Namba 1” kila mauzo yanaposhuka, wala wa kuchapa toleo moja kwa majalada kumi ili mkusanyaji ayanunue yote. Kwa anayetaka kusoma tu, hii ndiyo njia mbovu kuliko zote.

Kwa hiyo sinema? Inategemea unanunua nini. Chukua Black Panther ya Ryan Coogler, 2018. Kwa dakika 134 unapata muziki wa Ludwig Göransson, mavazi ya Ruth Carter na Lupita Nyong'o kwenye skrini pana. Vyote hivyo karatasi haina, na Oscar za muziki na mavazi zilistahili kwenda huko. Lakini Killmonger, adui mkuu wa filamu hiyo, hakuzaliwa na sinema. Alianza mwaka 1973 katika jarida la Jungle Action, kwenye hadithi ndefu ya Don McGregor iitwayo Panther's Rage, iliyochorwa kwa sehemu kubwa na Billy Graham. Humo mfalme T'Challa, ndiye Black Panther mwenyewe, anaumia kwelikweli: anatupwa kwenye maporomoko, anapambana na mbwa mwitu, anachomwa na miiba, na majeraha hayaponi ukifungua ukurasa unaofuata. Ndoa ya W'Kabi, msaidizi wake, inavunjika taratibu. Taku, msaidizi mwingine, anajenga urafiki na mfungwa aliyekuja kuwaua. Na mwisho, anayemwangusha Killmonger si mfalme bali mtoto, Kantu, ambaye baba yake aliuawa. Kwenye sinema ni mfalme mwenyewe anayemchoma, kisha wanatazama pamoja jua likizama. Inapendeza, ila kwangu mimi ule msukumo wa mtoto ni mzito zaidi.

Hadithi hiyo iko katika mkusanyiko wa Penguin Classics wa mwaka 2022, jalada laini, chini ya dola 30. Ukiona bado ni ghali, Marvel Unlimited, huduma ya kusomea katuni mtandaoni, ni kama dola 10 kwa mwezi na ina katuni zaidi ya 30,000. Mpya huingia miezi mitatu baada ya kutoka. Lipia mwezi mmoja, soma uliyoyakusudia, kisha sitisha. Kasoro ni mbili: ukiacha kulipa hubaki na chochote, na Graham alipenda kutandaza mchoro mmoja kwenye kurasa mbili, jambo ambalo skrini ya simu inaliminya vibaya. Kishikwambi kinasaidia.

Yale matofali yaitwayo omnibus, dola 100 na kuendelea, ni ya kupamba rafu. Huwezi kuyasoma kitandani bila kuumiza mikono, na kwa anayeagiza kutoka Marekani hadi Dar au Nairobi, uzito huo unalipiwa.

Fedha ninazozitoa bila kinyongo ni zile za vitabu vidogo vya DC Compact, vilivyoanza 2024 kwa dola 9.99. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, matoleo yote 12, imo humo kwa bei isiyofika tiketi moja. Maandishi ni madogo, na mwenye macho dhaifu atafute chapa kubwa. Ila yule dude wa ajabu mwishoni, ambaye Zack Snyder alimwondoa kwenye filamu ya 2009, yumo, na New York inateketea kama Moore alivyokusudia.