Bastola ya zamani ikiingia na mzigo wa skrepa, fanya hivi

Wadau wa skrepa na used, Temeke na Kinondoni, hii yenu. Bastola kuukuu ikitokea kwenye mzigo, maandishi ya kwenye chuma hukwambia ilitengenezwa wapi: DWM au Mauser ni Ujerumani, Webley ni Uingereza. Majeshi ya nchi hizo yalipigana hapa kwetu kuanzia 1914.

Ila kujua asili sio ruhusa ya kuuza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni, na kutu sio leseni. Usiifungue, usisugue namba, risasi inaweza kuwemo. Iache hapo hapo, mwite mjumbe, toeni taarifa polisi. Faida ya siku moja isikuletee kesi.