Haja Ndogo Baada ya Kujifungua: Swali Lisilopaswa Kusubiri



Mtoto anapozaliwa salama, macho ya nyumba nzima humwelekea yeye. Wageni huuliza uzito wake na jina lake. Mama naye huulizwa kama amekunywa uji. Ni mara chache anapoulizwa kama amepata haja ndogo. Hata hivyo, jibu la swali hilo laweza kumwepusha na mateso ya muda mrefu.

Wataalamu wa afya husema kwamba mkojo umezuilika pale mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida anaposhindwa kukojoa ndani ya muda wa saa 6. Tatizo hili lina pia sura iliyofichika: mama hukojoa, lakini kibofu hakiishi, na mkojo unaobaki ndani hufikia mililita 150 au zaidi. Kwa hiyo matone machache si uthibitisho kwamba yote ni mema.

Chanzo chake ni nini? Wakati wa ujauzito, homoni hulegeza misuli ya kibofu, hata kikaweza kubeba mkojo mwingi bila mama kuhisi kubanwa. Wakati wa kujifungua, kichwa cha mtoto hupita nyongani kikigandamiza kibofu, njia ya mkojo na mishipa ya fahamu. Kisha hufuata uvimbe na maumivu ya msamba. Ndiyo maana hatari ni kubwa zaidi kwa mama anayejifungua kwa mara ya kwanza, aliyekaa na uchungu kwa muda mrefu, ambaye mtoto wake alivutwa kwa vifaa, aliyechanika au kuongezewa njia, na aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Lakini hata asiye na mojawapo ya hayo anaweza kupatwa.

Kibofu kilichojaa kupita kiasi huvutika, na misuli yake yaweza kudhoofika kwa muda mrefu. Mkojo unaotuama hukaribisha maambukizi. Zaidi ya hayo, kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kujikaza, na mfuko usiojikaza huvuja damu. Nayo damu huondoa uhai wa mama.

Dalili za kuangalia ni hizi: kushindwa kukojoa, mkojo kutoka kwa matone, kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, na uvimbe au maumivu chini ya kitovu. Mwanzoni mama asaidiwe kuinuka na kwenda msalani, apewe faragha, atulizwe maumivu, na amwagiwe maji ya uvuguvugu sehemu za siri. Yasipofaa, mhudumu wa afya huingiza mpira wa kutoa mkojo. Kwa kawaida, akitibiwa mapema, kibofu hurudia kazi yake baada ya siku chache. Kumkanda tumbo kwa nguvu au kumnyima maji si tiba.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kukojoa kwa mama kuandikwe katika kumbukumbu zake ndani ya saa 6, na kwamba aliyejifungua salama kituoni abaki chini ya uangalizi kwa saa 24 angalau. Aliyejifungulia nyumbani, au aliyeruhusiwa mapema, hana wa kumwuliza isipokuwa ninyi: mume, mama mkwe, dada, na akina mama wa jumuiya wanaokuja kumpongeza.

Haya ni fadhila njema inapolinda heshima ya mtu. Inapomzuia mgonjwa kutaja kinachomtesa, haimlindi tena. Basi, mtakapokwenda kumwona mzazi, mkisha kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, mmoja wenu amsogelee na kumwuliza kwa upole: “Mama, umepata haja ndogo? Imetoka vizuri?” Akijibu kwamba bado, na saa 6 zimepita, msingoje kupambazuke. Mpelekeni kituo cha afya.